Iulize Tarehe Kwanza: Jinsi Ninavyoandaa Simulizi la Mtakatifu kwa Jumuiya

Mimi ni fundi cherehani, Busia, upande wa Uganda. Kila Alhamisi nafunika mashine mapema kwa sababu jumuiya yetu ndogo ya Kikatoliki inasali saa kumi na moja jioni, na kwa miaka tisa sasa nimepewa kazi moja: kabla ya nia za maombi nasimulia habari za mtakatifu wa wiki ile, dakika kumi, basi. Tunasali kwa Kiswahili maana hatuna njia nyingine. Kwenye vile viti kuna Wasamia, Wateso, Waganda, Waluhya waliovuka mpaka kuja kuuza nyanya wakabaki kusali, na mama mmoja Mkongo anayetushinda sote kwa kuimba. Ukisimulia kwa lugha ya kwenu, nusu ya watu watabaki kuangalia kuku.

Mwaka wa kwanza niliharibu. Ilikuwa wiki ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao zama za Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Nikasimama na machozi yangu nikaanza na Yosefu Mukasa Balikuddembe, mkubwa wa vijana wa ikulu, aliyekatwa kichwa tarehe 15 Novemba 1885. Nilipomaliza, mtoto wa darasa la tano akainua mkono. "Mama Fundi, kama alikufa Novemba, mbona tunamkumbuka Juni?" Nikamwambia ndivyo Kanisa lilivyopanga. Watu wazima wakaniheshimu, wakanyamaza. Yeye hakunyamaza: "Sawa, lakini kwa nini?"

Kesho yake nilimpelekea katekista wetu mzee suruali yake niliyokuwa nimeipunguza kiunoni, nikamweleza aibu yangu. Akacheka. Akasema, "Mwanangu, umesimulia mtu lakini hukuiuliza tarehe." Tangu siku hiyo sianzi simulizi lolote bila kuiuliza tarehe, na ninyi mliopewa kazi hii kwenye jumuiya zenu nawashauri mfanye hivyo hivyo.

Tarehe inajibu nini

Wiki moja kabla, fungua kalenda ya liturujia ya jimbo lako, ile ya kuning'iniza ukutani inatosha, uandike tarehe juu ya ukurasa wa daftari. Chini yake andika swali: siku hii kulitokea nini?

Mara nyingi jibu ni kifo. Sisi watu wa kawaida tunasherehekea siku ya kuzaliwa, tunakata keki. Kanisa kwa watakatifu linafanya kinyume: siku mtu alipokufa ndiyo linaiita siku yake ya kuzaliwa, kuzaliwa mbinguni. Desturi hii ni ya kale sana. Katikati ya karne ya pili, Wakristo wa Smirna, mji ambao leo ni Izmir huko Uturuki, waliandika barua kuhusu askofu wao Polikarpo aliyeuawa kwa moto na upanga. Wanasema waliiokota mifupa yake wakaiweka mahali panapofaa, na kwamba watakusanyika hapo kila mwaka kuadhimisha siku ya kuzaliwa ya kifodini chake, yaani kufa kwake kwa ajili ya imani. Ukitaka kujua sikukuu za watakatifu zilianzaje, zilianza hivyo: kaburi, tarehe, na watu waliokataa kusahau. Polikarpo tunamkumbuka tarehe 23 Februari.

Waliotoka nje ya kanuni hii ni wachache na wanasimulika vizuri. Yohane Mbatizaji ana siku mbili, kuzaliwa tarehe 24 Juni na kukatwa kichwa tarehe 29 Agosti. Kuzaliwa kwake kumewekwa miezi sita kabla ya Krismasi kwa sababu Malaika alimwambia Maria kwamba mimba ya Elizabeti, mama yake Yohane, ina miezi sita. Mama Maria naye ana siku ya kuzaliwa, 8 Septemba. Hesabu rudi nyuma miezi tisa uone unafika wapi.

Halafu kuna waliohamishwa. Mtakatifu Ambrosi wa Milano alifariki tarehe 4 Aprili 397, siku ambayo mara nyingi huangukia Kwaresima au karibu na Pasaka, majira ambayo siku za watakatifu hupisha, kwa hiyo tunamkumbuka tarehe 7 Desemba, siku aliyowekwa kuwa askofu. Thomas wa Akwino alikufa tarehe 7 Machi 1274, naye Kwaresima ilimbana, akahamishiwa 28 Januari, siku mifupa yake ilipopelekwa Toulouse. Yohane Paulo wa Pili alifariki tarehe 2 Aprili 2005, lakini siku yake ni 22 Oktoba, tarehe aliyoanza rasmi kazi ya Upapa mwaka 1978. Ndiyo maana nasema uliza. Usidhani.

Ninayempenda kuliko wote kwenye kundi hili ni Teresa wa Avila. Alifariki usiku wa tarehe 4 Oktoba 1582, na mwaka huo huo Papa Gregori wa Kumi na Tatu alikuwa ameamuru kalenda irekebishwe: siku kumi zikafutwa, na baada ya tarehe 4 Oktoba ikafuata tarehe 15. Teresa alilala Alhamisi ya tarehe 4, kesho yake Ijumaa ikawa tarehe 15. Siku yake ni 15 Oktoba. Nilipoisimulia hii, wale wanaume wanaokaa nyuma kabisa wakinong'ona habari za mpira walisogeza viti mbele.

Kwa nini Juni tatu

Mtoto yule alistahili jibu, na jibu linapatikana kwa kuhesabu. Mashahidi Wakatoliki wa Uganda ni 22. Andika majina yote 22 kwenye safu moja, na mbele ya kila jina tarehe na mahali. Kazi hii ilinichukua jioni tatu, na sijawahi kujifunza zaidi kwa jioni tatu.

Wa kwanza ni Balikuddembe, Nakivubo, Novemba 1885. Wa mwisho ni Yohana Maria Muzeyi, Mengo, tarehe 27 Januari 1887. Kwa hiyo wafiadini hawa hawakuuawa siku moja wala mwaka mmoja. Mei 1886 ndipo mambo yalipowaka. Dionisi Ssebuggwawo na Andrea Kaggwa waliuawa Munyonyo, Ponsiano Ngondwe akauawa Ttaka Jjunge akiwa njiani. Tarehe 27 Mei, Atanasi Bazzekuketta aliuawa Nakivubo na Gonzaga Gonza akauawa Lubaawo. Matia Mulumba alikatwakatwa akaachwa peke yake kwenye kilima cha Kampala ya Kale, akafa tarehe 30. Kesho yake Nowa Mawaggali aliuawa Mityana. Hao ni tisa. Waliobaki 13, Karoli Lwanga na wenzake, waliteketezwa Namugongo siku moja, tarehe 3 Juni 1886.

Kumi na watatu kati ya 22. Hilo ndilo jibu la mtoto: kundi kubwa lilikufa siku ile, na tisa wengine wakaunganishwa na ndugu zao. Tena siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Pasaka ya 1886 ilichelewa mno, ilikuwa tarehe 25 Aprili, hesabu siku arobaini unafika Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana. Walichomwa siku ya Kupaa. Mimi nilipogundua hivyo niliacha kushona, nikatoka nje kidogo.

Faida nyingine ya safu ile ni kwamba kila mtu anapata wa kwao. Gonzaga Gonza alikuwa Msoga. Matia Mulumba naye alizaliwa Busoga, akapitia Uislamu, akasoma kwa Waprotestanti, kisha akabatizwa Mkatoliki. Adolfo Mukasa Ludigo na Anatoli Kiriggwajjo hawakuwa Waganda, walitoka magharibi. Watu wengi wana jina la Ponsiano kwenye cheti cha ubatizo na hawajui somo wao, yaani mtakatifu wa jina lao, alikufa njiani kabla hata ya kufika Namugongo. Waambie.

Jambo moja usiliruke: namba 22 ni ya Wakatoliki. Waanglikana nao wanahesabu mashahidi wao 23, na wale wa Namugongo walichomwa pamoja na wetu. Kanisa lao la kumbukumbu liko Nakiyanja, si mbali na letu. Nusu ya familia za hapa Busia zimechanganyika, baba huku mama kule. Ukisimulia kana kwamba wengine hawakuwepo, unaumiza mtu aliyekaa mbele yako na pia unasema uongo.

Pima daraja la siku

Hili ni fupi. Kuna sherehe, ndiyo kubwa kabisa, chini yake kuna sikukuu, kisha kumbukumbu, na kumbukumbu nyingine ni ya lazima na nyingine ya hiari. Karoli Lwanga na wenzake kwenye kalenda ya Kanisa zima wana kumbukumbu. Hapa Uganda ni sherehe, na serikali nayo imeifanya siku ya mapumziko. Sisi wa mpakani tunaiona kwa macho: tarehe 1 Juni wenzetu wa Kenya ng'ambo wanapumzika kwa Madaraka sisi tunafanya kazi, tarehe 3 wao wanafungua maduka na sisi tumefunga. Kalenda zina vituko.

Jifunze pia ngazi za mtu mwenyewe: Mtumishi wa Mungu, Mheshimiwa, Mwenyeheri, Mtakatifu. Mashahidi wetu walitangazwa wenyeheri tarehe 6 Juni 1920 na Papa Benedikto wa Kumi na Tano, na watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964 na Papa Paulo wa Sita. Daudi Okelo na Jildo Irwa, makatekista vijana waliouawa Paimol kule kaskazini mwaka 1918, ni wenyeheri tangu 2002, bado si watakatifu. Anuarite wa Kongo, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, ni mwenyeheri tangu 1985. Mama yetu Mkongo humwita Mtakatifu na mimi simsahihishi mbele za watu.

Vikapu vitatu

Baada ya tarehe, gawa habari ulizokusanya katika vikapu vitatu: yaliyosemwa na aliyeona, yaliyosemwa na aliyesikia kwa aliyeona, na yaliyokuja baadaye watu walipoanza kupamba. Huna haja ya kuvitangaza vikapu hivi kwenye jumuiya, lakini wewe mwenyewe ujue kila neno umelitoa kikapu gani, kwa sababu utaulizwa.

Niliulizwa. Mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, nilimsimulia Mtakatifu Georgi na joka lake kama habari ya gazeti la jana. Mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, akaniuliza kwa upole kabisa joka lilizikwa wapi. Ukweli ni kwamba Georgi ni mfiadini aliyeheshimiwa tangu zamani sana huko Lida, nchi ya Palestina, na joka liliingia kwenye masimulizi mamia ya miaka baada yake. Siku hizi nasema, "Wazee wa kale walimchora na joka," kisha naeleza joka ni nini. Kristofa, yule wa kwenye vioo vya matatu, ni hivyo hivyo. Mwaka 1969 kalenda ya Kanisa zima ilipopunguzwa siku yake iliondolewa, watu wakavumisha kwamba "amefukuzwa utakatifu". Hakufukuzwa. Kilichotolewa ni siku yake kwenye kalenda ya wote.

Kwa mashahidi wetu tuna bahati ambayo Georgi hana. Pale Namugongo vijana watatu, Dionisi Kamyuka, Simeoni Ssebutta na Karoli Werabe, walirudishwa kutoka motoni wakiwa tayari wamefungwa. Waliishi, wakasema walichokiona. Kwa hiyo unaposimulia habari za Namugongo, unasimama juu ya ushuhuda wa mtu aliyekuwepo, akisikia harufu ya moshi. Sema hivyo kwa sauti, kabla hujaanza: "Habari hii tuliambiwa na waliokuwepo." Utaona watu wanavyokaa sawa.

Kikapu cha pili usikitupe. Kwamba Matia, siku ya pili au ya tatu akiwa hai bado kilimani, aliwasikia watu wanakata matete akaomba maji na wao wakakimbia kwa hofu, hilo limesimuliwa hivyo vizazi na vizazi. Nalisema, na naongeza "inasimuliwa".

Usimfanye mwuaji kuwa mnyama

Hapa ndipo wasimulizi wengi wanapoanguka, na nilianguka nao. Nilimfanya Kabaka Mwanga kuwa shetani mwenye pembe, nikasahau kwamba kuna Waganda wamekaa mbele yangu. Sasa nasimulia sababu. Mwaka 1884 alirithi ufalme akiwa kijana. Wageni walikuwa wanamzunguka, na hofu kubwa ya Buganda ilikuwa njia ya mashariki, huku kwetu, kupitia Busoga. Oktoba 1885 Askofu Hannington wa Waanglikana alikuja kwa njia hiyo hiyo, akauawa tarehe 29. Balikuddembe, Mkatoliki, ndiye aliyemkemea Kabaka kwa kumwua askofu wa Waanglikana, na siku 17 baadaye akafa kwa ajili hiyo. Kabla ya kufa Balikuddembe alituma ujumbe kwamba amemsamehe Kabaka. Wengine baadaye walikataa matakwa ya Kabaka ya mambo ya aibu. Mbele ya watoto naishia hapo hapo kwa maneno hayo hayo, wakubwa wanaelewa.

Kisha naongeza jambo ambalo watu wengi hawalijui: Mwanga mwenyewe alipelekwa uhamishoni Visiwa vya Shelisheli, akabatizwa kule Kianglikana, akafa 1903. Nikiisema hiyo, kunakuwa kimya cha namna nyingine kabisa.

Kuhusu mateso, chagua moja tu. Ukitaja mikuki, mbwa, moto na visu vyote kwa dakika kumi, watoto wataota vibaya na wakubwa watazoea. Mimi huchukua maji ya Matia, au mkono wa Kizito. Kizito alikuwa mdogo kuliko wote, miaka kama 14, na Lwanga alimwahidi kwamba saa ikifika watashikana mikono.

Kuandika na kusimama

Ukurasa mmoja wa daftari, upande mmoja. Ukigeuza ukurasa, umeshazidi. Mwandiko uwe mkubwa maana giza linaingia kabla hujamaliza, na tochi ya simu mkononi mwa mtoto haitulii. Mstari wa kwanza ni tarehe na kilichotokea. Mstari wa mwisho ni kitu ambacho huyo mtakatifu alifanya kwa mikono yake. Katikati panga mwenyewe.

Majina yafanyie mazoezi kwa mwenye lugha. Mimi nilimtamka Baanabakintu, mmoja wa wale 22, vibaya miaka miwili na hakuna Mganda aliyeniambia, walikuwa wanacheka wakifika nyumbani. Picha za watakatifu zinazotumwa kwenye simu na maneno ya ajabu chini yake usizisome mpaka umepata habari hiyo mahali pengine. Na usihubiri. Kuhubiri ni kazi ya padri. Sisi tunasimulia.

Nawapa ukurasa wangu wa Bakhita ulivyo, wa tarehe 8 Februari, muutumie mkitaka:

*Tarehe 8 Februari 1947, katika mji wa Schio huko Italia, alifariki sista mweusi ambaye watu walimwita Mama Mweusi wetu. Siku hiyo ndiyo tunayomkumbuka. Alizaliwa Darfur, Sudani, upande wa kaskazini kwetu, karibu na mwaka 1869. Aliibwa akiwa mtoto mdogo. Hofu ilimfanya asahau hata jina alilopewa na mama yake. Bakhita, maana yake mwenye bahati, ni jina alilopewa na waliomteka. Aliuzwa na kuuzwa tena sokoni El Obeid na Khartoum. Kwenye nyumba ya bwana mmoja alichanjwa mwilini na vidonda vikajazwa chumvi. Alibaki na makovu zaidi ya mia moja. Mwaka 1883 alinunuliwa na balozi mdogo wa Italia, akapelekwa Italia mwaka 1885. Mwenye nyumba aliyemfanyia kazi alipotaka kumrudisha Afrika, Bakhita alikataa. Tarehe 29 Novemba 1889 mahakama ya Venezia ikasema yeye ni mtu huru. Alibatizwa tarehe 9 Januari 1890 kwa jina Yosefina. Akawa sista wa shirika la Wakanosa. Alisema kwamba angekutana na wale waliomteka angepiga magoti na kuibusu mikono yao, kwa sababu bila yale asingekuwa Mkristo wala sista. Alitangazwa mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Kwenye nyumba ya masista alipika, alifungua mlango, na alidarizi.*

Huo mstari wa mwisho naufahamu kuliko yote. Nikiusoma nakaa chini, na mwenyekiti anaita nia za maombi. Mwaka huu nia ya kwanza ilitoka kwa mama ambaye binti yake amekwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani na simu yake haipatikani tangu Desemba.

Juni, mtoto yule wa darasa la tano, ambaye sasa ana ndevu, ndiye atakayesimulia. Nimempa ile safu ya majina 22. Ameniuliza kwa nini Muzeyi hakukamatwa na wenzake, na natafuta.